Kama Angekuwa Mama Yako

Daktari Nzomo alirudisha mkonga wa simu mahali pake, akabaki ameutazama bila kusema neno. Gathoni alikuwa akipanga faili za wagonjwa wa siku hiyo. Aliacha kazi. Alikuwa muuguzi katika kliniki hiyo ndogo ya Ruiru tangu ilipofunguliwa, na alijua kwamba daktari akinyamaza hivyo, jambo si dogo.

"Funga mlango, Sista."

Aliufunga. Nje ilikuwa Julai ya mwaka wa tisini na nane, na ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya kahawa ingawa saa za chai zilikuwa zimepita.

"Wamesimamisha utafiti," Daktari Nzomo alisema. "Si hapa tu. Kila nchi. Wagonjwa wote waache vidonge leo."

"Kwa nini, Daktari?"

"Dawa haisaidii. Waliokunywa dawa na waliokunywa vidonge vitupu, saratani inawarudia sawasawa. Tofauti ni moja tu. Wanaokunywa dawa wanaumwa viungo. Mabega, magoti, vidole. Kuna wengine huko hawawezi kushika kikombe."

Gathoni aliketi. Mwaka mzima kliniki ilikuwa ikiwafuata wagonjwa wa saratani ya mapafu waliomaliza matibabu Nairobi, wale ambao sindano na mionzi zilikuwa zimeupunguza uvimbe mpaka hauonekani. Swali lilikuwa moja: je, dawa hii mpya inaweza kuuzuia usirudi? Ili ukweli ujulikane, nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu ndani, vya rangi moja na ukubwa mmoja na vile vya dawa. Walielezwa hayo tangu mwanzo na wakakubali. Mgonjwa hakujua amepewa vidonge vipi, wala daktari, wala muuguzi. Orodha ya nani amepewa nini ilifungiwa katika kabati la chuma, na kabati lilikuwa la kufunguliwa kwa dharura tu.

"Wameniruhusu kufungua," daktari alisema. Alitoa ufunguo kwenye droo yake, akaenda kwenye kabati, akarudi akisoma. "Mzee Gerishon wa Kalimoni, dawa. Mama Zainab wa Thika, vitupu."

"Rudia hapo."

"Vitupu. Tangu siku ya kwanza. Na picha yake ya mwezi jana ni safi."

Gathoni aliushika ukingo wa meza. Tangu Aprili alikuwa akiiogopa siku ya kabati hilo kufunguliwa, na sasa akaona aibu kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Daktari Nzomo alijifanya anatafuta kalamu. "Hawa wawili nataka waambiwe ana kwa ana leo. Wengine wanakuja hapa, na mimi sitoki mpaka jioni. Najua hamsemezani na yule kijana wa Mama Zainab. Nikuombe au nisikuombe?"

"Nitaenda," Gathoni alisema.

*

Yule kijana wake aliitwa Samir. Alikuwa fundi wa waya za magari huko Thika, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na kila mwezi alimleta mama yake kliniki kwa pikapu yake kuukuu, akaketi naye kwenye benchi mpaka aitwe. Kwanza alikuwa akimuuliza Gathoni habari za mapafu. Baadaye akawa anamuuliza kama amekula. Siku moja taa za gari la daktari zilikataa kuwaka. Samir akajilaza chini yake akiwa na shati jeupe, na alipotoka huko amepakaa mafuta mpaka masikioni, Gathoni alicheka kicheko ambacho hakukijua kuwa anacho. Mapenzi yalipoanza, alimweleza Daktari Nzomo mapema, kwa sababu hakutaka kuficha. Daktari alisema tu, "Vidonge vinatoka Nairobi vikiwa na namba tu. Hakuna anachoweza kukuomba ambacho unaweza kumpa."

Daktari alikuwa amekosea. Wakati huo ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Gathoni.

Ilikuwa Aprili, mvua ikipiga mabati ya veranda kiasi kwamba walilazimika kusogeleana ili kusikizana.

"Mzee Gerishon anaumwa vidole," Samir alisema. "Leo nimemwona akishindwa na kifungo cha koti. Hiyo ndiyo dawa, Gathoni. Inafanya kazi mwilini. Mama haumwi hata ukucha. Mama anapewa unga."

"Hatujui hivyo."

"Wewe unaweza kujua."

Alimtazama, akidhani hakusikia vizuri. Samir aliendelea haraka haraka, kama mtu aliyeyakariri maneno njia nzima. "Fungua, uangalie tu. Kama ni unga, mbadilishie boksi. Nani atajua?"

"Nimbadilishie na la nani?"

"Sijui. La mtu yeyote."

"Hapana, Samir."

"Mama alipika chakula cha kuuza kwa makaa na kuni tangu nikiwa mdogo, kwenye moshi wa kibanda kisicho na dirisha, ndiyo nikasoma. Hajavuta sigara hata moja. Na sasa niketi nikimtazama akimeza unga?"

"Samir, siwezi."

"Unaweza. Hutaki." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kama angekuwa mama yako, ungefungua."

Akaondoka kwenye mvua. Tangu siku hiyo alimshusha mama yake langoni, akamngojea barabarani.

Ambacho Samir hakukijua ni kwamba alasiri ile ile, daktari alipotoka kwenda posta, Gathoni aliuingiza ufunguo kwenye kufuli. Alisimama hapo mkono ukiwa juu yake. Alimfikiria Mama Zainab, aliyemwita "Sista wangu" mbele ya watu wote. Alimfikiria Mzee Gerishon na koti lake. Kisha akauchomoa, na daktari aliporudi akamwambia, "Ukae nao wewe." Daktari aliupokea bila kuuliza.

Nyumbani Gitothua, mama yake Gathoni, Beth, hakuficha nafuu yake aliposikia kwamba Samir haji tena.

"Ni kijana mzuri, sikatai," alisema akimenya viazi. "Lakini Gathoni wakwa, mwanangu, ungeenda kusali wapi? Watoto wangeitwa nani? Mungu anajua anachofanya."

Gathoni alichukua kisu kingine akamenya naye. Usiku wa wiki nyingi zilizofuata aliyasikia yale maneno mengine, ya Samir kwenye veranda.

*

Gathoni alipofika siku hiyo ya Julai, Samir alikuwa ameinama chini ya boneti ya gari la mteja, nje ya nyumba ya mama yake mtaani Majengo, Thika. Alisikia hatua, akainua kichwa, na wote wawili wakasahau kusalimiana. Alikuwa amekonda. Gathoni alitaka kumuuliza kama amekula.

Ndipo rangi ilipomtoka Samir usoni. "Umekuja mwenyewe. Umerudi? Ugonjwa umerudi?"

"Hapana. Mama yuko sawa. Twende ndani niwaambie pamoja."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, akafuata nyuma kama mtoto.

Mama Zainab alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchele kwenye ungo. Nywele zilikuwa zimeota tena chini ya leso yake, fupi na za mvi, na mashavu yalikuwa yameanza kujaa. Alipomwona Gathoni, uso mzima ulifunguka.

"Sista wangu. Kule kliniki nakuona, lakini hapa nyumbani umepatupa."

"Shikamoo, Mama. Nisamehe."

"Marahaba. Keti hapa karibu yangu. Samir, kwani umesimama kama askari? Keti."

Gathoni aliwaeleza polepole, kama alivyokuwa amejizoeza njiani. Utafiti umesimamishwa. Dawa haikuzuia ugonjwa kurudi. Tena iliwaumiza watu viungo. Na yeye, Mama Zainab, hakuwahi kuinywa.

Mikono ya Mama Zainab ilisimama juu ya mchele. "Kwa hiyo vile vidonge vyangu."

"Havikuwa na dawa ndani, Mama."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

"Na mimi nilivimeza na bismillahi kila asubuhi, nimekaa wima, nimeelekea mlangoni ili viteremke vizuri." Mabega yake yalianza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, na Samir akaruka kumshika, lakini mama aliusukuma mkono wake. "Ni cha kucheka hicho, tulia. Sista, na mapafu?"

"Picha ya mwezi jana haikuonyesha kitu. Daktari ataendelea kukuangalia. Siwezi kukuahidi kwamba hautarudi, Mama. Lakini leo haupo."

"Leo yatosha," Mama Zainab alisema. "Nani ameahidiwa kesho?"

Samir alikuwa ameufunika uso wake kwa mikono. Alipozungumza, sauti ilitoka kati ya vidole. "Kama ungenisikiliza, ningemtia Mama kwenye maumivu yale."

"Kama angekusikiliza nini?" mama yake aliuliza.

Gathoni alimtazama Samir, kumwambia kwa macho kwamba si lazima. Lakini Samir aliishusha mikono yake. "Nilimwomba afungue siri. Kama una vidonge vitupu, akubadilishie boksi."

Mama Zainab aliuweka ungo kando, akaunyoosha mkeka mbele yake kwa viganja vyake viwili. "La nani?"

"Sikufikiria, Mama."

"Mimi nafikiria. Tuko wangapi kwenye benchi lile? Mimi na Gerishon tumekaa pale bega kwa bega. Ananiletea ndizi kutoka Kalimoni na mimi nampelekea mahamri. Ulitaka nimnyang'anye dawa yake, kwa maana wewe uliamini ni dawa. Ungenilisha haramu, Samir, na mimi nameza kwa bismillahi."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua ulikuwa unaogopa." Sauti yake ililainika. "Mimi ndiye mgonjwa, na wewe ndiye usiyelala. Najua."

Nje mtu alikuwa akipiga honi akimtafuta fundi, kisha akachoka.

"Sasa naelewa," Mama Zainab alisema, akimgeukia Gathoni. "Nilidhani umeacha kuja kwa sababu yangu. Nilidhani umesikia nilichosema."

"Ulisema nini, Mama?"

"Nilimwambia Samir: msichana ni dhahabu, lakini si wa kwetu."

Gathoni aliinamisha kichwa. "Hayakunifikia."

"Basi yamekufikia leo, na mwenyewe ndiye nimekuletea." Alivuta ungo tena, akachukua punje moja, akaitazama, akaitupa. "La dini sijui nisemeje. Hilo litakaliwa kikao na wakubwa, huku na kwenu. Lakini mtu aliyekataa kumwibia mwenzangu kwa ajili yangu, siwezi kumwambia si wa kwetu. Mdomo utakataa. Mtakula?"

"Bado sijafika kwa Mzee Gerishon," Gathoni alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa na dawa. Lazima aache leo."

Samir alikuwa tayari amesimama. "Nitakupeleka."

*

Walishika barabara ya Juja, wakaacha Thika nyuma yao. Pikapu ilinuka petroli na maganda ya machungwa. Walipoingia barabara ya vumbi ya Kalimoni, Samir alipunguza mwendo.

"Gathoni. Asante."

"Usinishukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unanishukuru kwa bahati." Alikuwa akitazama mbele, mashamba ya mahindi yakipita. "Sikujua dawa ni mbaya. Nilitamani iwe nzuri, Samir, niliomba kwa Mungu iwe nzuri. Sasa niambie. Kama ingekuwa inaponya, na Mama akawa na vile vitupu, na mimi nilikuwa nimekataa, leo ungeniambia nini?"

Samir alibadilisha gia. Aliendesha mpaka walipofika kwenye boma la Mzee Gerishon, na hakuwa amejibu.

Mzee Gerishon alikuwa peke yake uani, ameketi kwenye kigoda, mikono miwili ameitumbukiza ndani ya karai la maji ya moto. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni Juja. Alijaribu kusimama awapokee, Gathoni akamwomba aketi, akachutama mbele yake.

"Mzee, nimekuja na habari. Acha vile vidonge. Usinywe tena hata kimoja."

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza bila kupepesa macho. Gathoni alipomaliza, mzee aliitoa mikono majini, akavitazama vidole vilivyovimba.

"Kwa hiyo hii si ile," alisema.

"Ipi, Mzee?"

"Ile. Nilidhani imeingia kwenye mifupa. Ndugu yangu aliumwa hivi hivi, ikawa imeingia kwenye mifupa, na hakumaliza mwaka."

"Lakini tulikuambia inaweza kuwa ni dawa."

"Mlisema 'inaweza'. Nikasema, hawa watoto wananifariji." Aliirudisha mikono majini. "Sikumwambia mtu. Hata mama watoto. Mwezi uliopita nilimwita kijana wangu, nikazunguka naye shamba nikimwonyesha mipaka. Akaniuliza kwani unasafiri? Nikamwambia ndiyo."

Gathoni alichukua kitambaa akamkausha mikono, kidole baada ya kidole, taratibu. "Ni dawa, Mzee. Ugonjwa haumo kwenye mifupa yako, na picha ya mapafu yako ni safi. Ukiacha, uvimbe utashuka. Utachukua muda, lakini utashuka. Vidole ni vyako bado."

Mzee Gerishon alilia kama wanaume wazee wanavyolia, bila sauti, uso umeinuliwa juu. Hakujaribu kujificha. Alipomaliza alipumua kwa nguvu, mara moja, mara mbili, akasema, "Basi nitamwita tena. Nimwambie safari imeahirishwa."

Samir alicheka. Kicheko chake kilikuwa na machozi ndani. Alipiga goti kando ya kigoda.

"Mzee, mimi nina deni la maneno kwako. Nilipokuona unaumwa, nilikuonea wivu. Nilisema huyu ndiye mwenye dawa ya kweli. Nilitaka mama yangu apewe boksi lako."

Mzee alimtazama kwa muda. "Mwana wa Zainab."

"Ndiyo."

"Yule wa mahamri." Alifikiri. "Ungeniondolea boksi pamoja na maumivu yake, mimi ningekushukuru. Lakini kumpelekea Zainab, hapana. Zainab nampenda, tunachekeshana pale kwenye benchi. Simama, kijana, ardhi imelowa."

Kwenye zizi nyuma ya nyumba, ng'ombe alilia. Mzee aligeuza kichwa kwa wasiwasi.

"Amejaa huyo. Mama watoto amechelewa, na mimi siwezi. Tangu mwezi wa tano siwezi kukamua."

"Nitakamua mimi," Samir alisema, akavua koti.

"Umewahi?"

"Nimewahi kuona."

Mzee Gerishon alisogeza kigoda chake mpaka mlangoni mwa zizi, kwa sababu hakutaka kukosa hilo. Samir alinawa, akaosha chuchu za ng'ombe kama alivyoelekezwa, akaketi, akavuta. Ng'ombe aligeuza kichwa akamtazama. Hakukutoka kitu. Akavuta tena. Ng'ombe akahamisha mguu, ndoo ikapinduka.

"Huyo si waya wa gari," mzee alisema.

Gathoni aliegemea nguzo ya zizi, akijiuma mdomo asicheke. Samir aliiinua ndoo, akaiweka sawa. Alikuwa amempa mgongo alipozungumza, na hakugeuka.

"Ningekuchukia."

"Nini?"

"Ulichoniuliza kwenye gari. Kama dawa ingekuwa nzuri, ningekuchukia. Sitaki kukudanganya. Ningepita Ruiru nikiangalia upande mwingine." Aliipangusa ndoo kwa kiganja. "Halafu siku moja ningemkumbuka huyu mzee na kifungo chake cha koti. Ningejua ulikuwa sawa. Na ningeona haya kuja kukuambia."

"Na ungekuja?"

"Ningekuja. Ningechelewa, lakini ningekuja."

Gathoni aliacha kujiuma mdomo. Hakuwa ametarajia jibu tamu. Lingekuwa tamu, asingeliamini. Hili lilikuwa chungu kidogo, na aliliamini lote.

"Mimi pia nina la kukuambia," alisema. "Siku ile ya mvua, ulipoondoka, niliuingiza ufunguo kwenye kufuli la kabati."

Samir aligeuka. Mikono ilikuwa imelowa maji na matope.

"Ulisema kama angekuwa mama yangu ningefungua. Nilimwona kama mama yangu, ndiyo maana niliuweka pale. Kisha nikauchomoa, nikampa daktari. Lakini usidhani ilikuwa rahisi. Usidhani sikumpenda."

"Gathoni." Alitaka kusimama, akakumbuka ng'ombe, akabaki nusu amesimama nusu ameketi. "Nisamehe kwa neno lile."

"Nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uje uombe."

"Nyinyi wawili," Mzee Gerishon alisema kutoka mlangoni, "nimefurahi sana, lakini huyo ng'ombe anaumia."

Gathoni alivua viatu vyake vya kazi, akakunja mikono ya sweta, akaingia zizini. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe huko kwa nyanya yake. Alichutama kando ya Samir, karibu mpaka akasikia joto la bega lake, akaviweka vidole vyake juu ya vya Samir.

"Usivute. Bana juu kwanza, halafu ushuke. Hivi."

"Hivi?"

"Polepole. Anajua wewe ni mgeni."

"Jumamosi nitakuja Gitothua," Samir alisema kwa sauti ya chini. "Kumsalimu mama yako."

"Atakuuliza utanipeleka kusali wapi."

"Nitamwambia sijui. Nitamwambia tutaulizana sisi na wazee wetu mpaka tujue. Ni vibaya?"

"Atakukatalia mara ya kwanza."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili atakupa chai."

Samir alitabasamu, ile tabasamu aliyoikosa Gathoni tangu Aprili, na akabana kama alivyoonyeshwa. Mstari mwembamba mweupe ukapiga ndani ya ndoo, kisha mwingine, na mlangoni mwa zizi Mzee Gerishon alifumba macho, mikono yake iliyovimba imelala wazi magotini, akasikiliza maziwa yakijaa.